Pruni za Moyo wa Koko

Enzi zetu dawa ya moyo haikutafutwa kwenye simu. Juzi binti yangu kanitumia ujumbe: "Papa, komamanga inasafisha moyo, ukule kila siku." Nikazunguka soko zima la mtaa wetu wa Ndosho nikiulizia komamanga, kina mama wakanicheka tu. Watoto wa siku hizi wanajua matunda ambayo hawajawahi kuyashika.

Sisi tulikuwa na pruni. Wenzangu mliokulia milima ya Masisi mnalikumbuka tunda lile: jekundu, umbo la yai, ganda chungu, na ndani ukali mtamu wa kukaza mashavu. Wazee walisema linaongeza damu na kutuliza moyo. Koko, mama mzaa baba, alikuwa na moyo wa kwenda mbio. Akipanda kilima kidogo tu anakaa chini, mkono kifuani. Muuguzi alimwambia ale pruni kila asubuhi, basi mti wa nyuma ya nyumba ukawa wake peke yake. Mimi nilikuwa na miaka minane na njaa ya watu watatu. Nilijaribu hata kuugua moyo. Nikajishika, nikalegeza shingo, nikaguna. Mama akanitazama: "Moyo haiko pale. Weye unashika tumbo."

Vita vilipotufikia tulitoka asubuhi, mvua inanyesha. Kwetu kila mtoto hukabidhiwa mzigo wake, na mkifika anaufungua mbele ya wenyeji. Mama alibeba mdogo wangu mgongoni na gunia la maharagwe kichwani. Mimi, sijui aliwaza nini, akanipa kikapu cha pruni. "Ni dawa. Koko akichoka, umupatie moja. Weye usiguse!"

Nilianza na iliyopasuka, kwa kuihurumia, isije ikaoza. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa hula. Tumbo langu la leo ni ushahidi wa vita vyote nilivyopitia. Koko alibaki nyuma, akisimama, akishika kifua. Kila aliposimama nilijua napaswa kurudi na kikapu, na kikapu kilivyozidi kuwa chepesi ndivyo nilivyozidi kuongeza mwendo. Kufika ziwa la Lac Vert, karibu na mji, kikapuni yalibaki majani ya mgomba matupu yaliyotandikwa chini. Hapo moyo wangu nao ukaanza kwenda mbio, safari hii bila kuigiza.

Nyumbani kwa shangazi, Ndosho, majirani walijaa kutupokea. Mzigo wangu ukafunuliwa. Mama akatazama kikapu, kisha kidevu changu chekundu. Kabla hajanyanyua mkono, koko, akihema bado, akasema:

"Muache mutoto. Ni miye nilikula yote mu njia. Bila ile, singefika."

Habari ikaenea katika mtaa mzima: bibi mgonjwa wa moyo katembea kutoka Masisi kwa nguvu ya pruni! Watu wakaanza kuzinunua, mmoja akatoa ushuhuda kanisani. Mimi nikasikiliza sifa za matunda niliyoyala mwenyewe, na kwa kweli mwaka ule sikuugua hata mafua.

Siku ya pili koko aliniita, akaniwekea kiganja kifuani. "Inatembea muzuri," akasema. "Ni moyo yangu weye ulikula. Uichunge." Akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Hakurudi tena Masisi kuuona mti wake. Moyo wake ulisimama palepale Ndosho, kabla ya msimu mwingine wa pruni. Waliniambia ni uzee. Mimi sikuamini, na hata leo siamini sana.

Sasa muganga wa hospitali kaniambia moyo wangu umechoka. Wanangu wanakunywa maji ya sukari ya rangi rangi kutoka kwenye chupa, kisha wananitumia mashauri ya afya. Nawashukuru, halafu nakwenda sokoni kununua pruni mbili, kila siku. Binti yangu hushangaa kwa nini nakula moja tu, nyingine naiacha kikapuni mpaka inanyauka. Namwambia ile ni ya koko. Niliambiwa nisiguse.