Jiko Lililoua Mbegu za Bibi Sikudhani

"Sogea, Mama Rodgers, nilimalizie," alisema Bibi Sikudhani, mchi wa kutwangia mkononi.

Sikusogea. Nilikuwa nimesimama kati ya bibi wa miaka sabini na jiko la udongo nililomjengea kwa mikono yangu. Shavu moja la jiko lilishapasuka. Bomba la moshi lilikuwa limelala chini.

Nimeona watu wakigombana na waume, na wakwe, na mbuzi wa jirani. Mtu kugombana na jiko ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nikamwambia, kwa ukali maana ndivyo nilivyo, kwamba jiko lile linakula nusu tu ya kuni za mafiga, na kwamba siku hizi haendi tena porini kila siku kuokota kuni. Sasa kosa lake nini?

"Limeniulia mbegu."

Nikacheka. Ningejua, nisingecheka.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 1994, Mkonze, Dodoma. Nilikuwa na diploma ya maendeleo ya jamii, watoto watatu, na muda mwingi kuliko nilivyozoea, kwa sababu shirika la umma nililofanyia kazi lilikuwa limetupunguza.

Kukaa bure siwezi. Nikajitolea kupita nyumba kwa nyumba kuwajengea akina mama majiko yanayobana moto na kutoa moshi nje. Malipo yangu yalikuwa jina tu: Mwalimu wa Majiko.

Nilijenga majiko tisa. Kila nilipopita na baiskeli, nikipiga kengele tangu kule barabarani, nilikuta chungu kiko juu ya jiko na mwenye nyumba anatabasamu. Nikasimama kwenye mkutano wa kata nikatangaza kwamba mtaa wetu umeachana na mafiga. Nikapigiwa makofi. Niliyapokea yote.

Mmoja tu ndiye aliyenisumbua, huyu Bibi Sikudhani. Alitoka Busi, Kondoa, akaja kuishi na mwanawe. Siku ya kujenga alibisha tangu asubuhi. Nami nikambishia mpaka akachoka, akasema haya mwanangu, jenga.

Sasa akanishika mkono, akaninyanyua uso nitazame uchanja juu ya jiko. Mahindi ya mbegu yalikuwa yamefungwa mafungu. Nikachukua moja, nikalipukuchua.

Unga ukanimwagikia kiganjani. Kila punje ilikuwa na tundu. Mdudu mmoja, dumuzi, akatoka, akatembea juu ya pete yangu ya ndoa, hana haraka.

Bibi akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Mbegu huwekwa juu ya moto. Moshi ndio mlinzi wake, dumuzi hausogelei. Mimi nilikuwa nimeutoa moshi wote nje kwa bomba, tena kwa fahari.

Na haikuwa mbegu yoyote tu. Aliirithi kwa mama yake, inakomaa mapema, hata mvua ikikatika mtu anavuna. Mvua ya kwanza ilishanyesha. Asipopanda wiki hiyo, mwaka mzima hana chakula, na mbegu yenyewe inapotea.

Nikamwambia siku hizi biashara ni huria, mbegu zimejaa madukani.

"Hiyo ya dukani inaijua mvua ya Dodoma?"

Kisha akauliza kitu kilichonikata maini: "Na wale wenzangu wanane, watapanda nini?"

Majiko tisa. Nyumba tisa. Nilitoka mbio, hata baiskeli niliisahau.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mwamvua. Niliingia uani kwa miguu, bila kengele, na moshi ukanipokea mlangoni. Mwamvua alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga matatu anapuliza moto.

Jiko langu lilikuwa pembeni, safi kabisa. Ndani yake kuku alikuwa ameatamia mayai.

"Huyo ana muda gani humo?"

"Wiki ya pili, dada. Tukisikia kengele yako huwa tunamhamisha."

Alisema bila aibu kubwa. Wote wanane walikuwa hivyo hivyo. Nikipiga kengele chungu kinahamia kwenye jiko langu, nikiondoka kinarudi kwenye mafiga. Nilikuwa nimesoma, tena nimejitolea, wakaona si vizuri kunivunja moyo.

Nikauliza kwa nini hawakumwambia Bibi Sikudhani kwamba wao hawayawashi. Akasema walidhani hakuna haja, kwa jinsi alivyobisha nani angejua kwamba ataliwasha kweli.

Nikatazama juu. Mahindi meusi kwa masizi, mazima. Nikauliza mbegu ile aliipata wapi.

"Kwa huyo huyo Bibi Sikudhani. Wote alitugawia mwaka juzi."

Nikakaa juu ya kinu. Nilitaka kuwafokea nyumba moja baada ya nyingine, lakini ningewafokea nini? Miezi mitano nilifundisha, na sikumuuliza mtu hata mmoja moshi ule unamfanyia kazi gani. Basi wewe unayetaka kuwasaidia watu, uliza kwanza. Na anayekubishia usoni msikilize, maana huenda ndiye peke yake anayekuchukulia kwa uzito.

Nikainuka. Nilipita nyumba zote nane, kila moja ikatoa mafungu mawili. Hakuna aliyesita. Nilirudi kwa Bibi Sikudhani na furushi kichwani, nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza yote, na kuku pia.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo mjinga ni mimi na wewe."

"Ni mimi, bibi."

"Na mimi kidogo," akasema. "Lakini kuni zilipungua kweli. Hilo sikukatalii."

Nikavua viatu hapo hapo. Nikakanda udongo, nikaziba shavu la jiko. Bomba sikulirudisha, tundu lake la ukutani tukaliziba pia. Bibi akatenga mafungu ya kupanda kesho yake, yaliyobaki akayapanga kwenye uchanja, akawasha vijiti vitatu.

Alasiri moshi ulikuwa unapanda kwenye mbegu, na sisi wawili tumekaa nje, tunafuta machozi.