Mpira wa Robine

Kila ninapopita kwa fundi viatu wa mtaa wa Kikula na kusikia harufu ya mpira unaokatwa kwa kisu, naiona tena robine, ile koki ya maji ya uani kwetu.

Kiangazi kilikuwa kimeanza. Majira hayo maji ya bomba hupungua, kwa hiyo kila mwaka baba alifungua robine mapema na kubadilisha mpira wake wa ndani, lisipotee hata tone. Mwaka ule baba hakuwepo. Alikwenda Kakanda kutafuta kazi mgodini, na habari zake zilikuwa zimekatika tangu mvua za mwanzo. Robine ilivuja mchana kutwa, na maji machache yaliyotufikia yakapotelea kwenye udongo mwekundu.

Mama akafunga maji, akaifungua robine kwa spana ya baba. Mpira ulikuwa umelika kabisa. Aliingia chumbani, akatoka na boti ya kazi ya baba, kiatu kizito ambacho mama mwenyewe alikuwa akikipangusa vumbi kila Jumamosi. Akaketi kizingitini, akaanza kukata soli yake.

“Mama, iyi ni boti ya papa,” nilisema. “Akirudia, atavala nini?”

Alikata kiduara polepole, akakitoboa kwa msumari alioupasha moto kwenye makaa ya mbabula, jiko letu. Moshi ukamtoa machozi. Akakipachika, akakaza, akafungulia maji. Yakatoka. Alipoifunga robine, hata tone halikudondoka.

Ndipo aliponitazama.

“Akirudia,” alisema, “atakuta mayi.”