Boma la Baba, Nyumba ya Mama

Mwanangu, nasikia umepata kiwanja Burat, karibu na mto. Nimefurahi kweli. Lakini kabla fundi hajashika sururu, kaa nikusimulie asubuhi moja ya kiangazi ambayo mpaka leo sijaisahau, mjomba aliponikaripia mbele ya mama yangu.

Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa amechoka kuhamahama. Mimi nilikuwa na kibanda cha nguo mjini, biashara inakwenda, nikaamua kumjengea nyumba ya mawe. Unajua kwetu Waborana nyumba ni ya mwanamke: yeye ndiye huisimamisha kwa fito na mikeka, na siku ya kuhama huibomoa mwenyewe. Basi nami, binti wa Kiborana, nikajiona mjenzi wa kuzaliwa. Ujana una mambo! Mama aliomba kitu kimoja tu, nyumba ikae pale palipokuwa boma la ng'ombe wa baba, si mbali na mto. Alitaka kuzeekea mahali mifugo ya mumewe ililala. Ningemkatalia vipi?

Jua lilikuwa limekausha ardhi mpaka sururu inadunda. Nikasema hapa ni mwamba. Mawe yakaletwa, fundi akaanza kufunga kamba za kupimia.

Ndipo akaja mjomba, kaka mkubwa wa mama, aliyefanya kazi za barabara mpaka uzeeni. Hata chai hakugusa. Alichimba shimo dogo, akamimina ndoo ya maji, akatuambia tungoje. Baadaye akatia fimbo yake. Juu ilikuwa samadi ya miaka mingi iliyogandamana, chini yake udongo mweusi, na fimbo ikazama kama mwiko kwenye uji.

"Talaso, hii nyumba yako itaua mama yako," akaniambia.

"Lakini mjomba, ng'ombe wamelala hapa miaka yote."

"Ng'ombe ikisikia ardhi inazama, inaamka inaenda. Nyumba itaamka iende wapi?"

Nikamwashiria fundi aziache kamba zake. Akaeleza kwamba udongo ule huvimba ukinyeshewa na kunywea ukikauka, na kuta hupasuka. Sharti uondolewe wote mpaka ardhi ngumu, shimo lijazwe mawe na maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, kila tabaka linyweshwe maji kidogo na kushindiliwa.

Mama akaketi chini, akalia. "Mnataka kuchimbua Guyo," akasema, akimtaja baba.

Moyo uliniuma, mwanangu. Kwake samadi ile ndiyo iliyobaki ya maisha yao wawili. Mjomba, aliyekuwa mkali kwangu muda si mrefu, alichuchumaa kando ya dada yake. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Kisha mama akajifuta uso kwa shuka yake, akavuta karai, akalijaza samadi kwa mikono yake mwenyewe. "Isitupwe," akasema. "Ipelekwe shambani."

Tukachimba, tukajaza, tukashindilia mpaka mabega yakafa ganzi. Mvua ilipokuja, mto ulipanda na njia zikageuka tope. Mama alikuwa kitandani ndani ya nyumba yake mpya, anasikiliza bati. "Hii ni mara ya kwanza nasikia mvua bila kufikiria kuhama," akaniambia. Nilitoka nje nikalia peke yangu. Na mahindi ya msimu ule tuliyala huku tukimtaja baba, bila machozi.

Kwa hiyo, mwanangu, kaa mbali na ukingo wa mto. Usiamini ardhi uliyoiona kiangazi tu, imwagie maji kwanza. Udongo mweusi uondoe, hata kama fundi anakuharakisha. Na ukiona pale panapofaa kuchimbwa ndipo moyo wa mtu wako unapogoma, usimfokee mwenye uchungu. Kaa naye, mngoje, kisha mchimbe pamoja.

Mungu akupe ardhi iliyotulia na ukuta usio na ufa, na mimi mama yako nilale humo mvua ikinyesha, nisishtuke. Amin.