Mshauri na Binti wa Fundi Mageti

Kabla ya kuwa mshauri nasaha wa sekondari moja, mwalimu huyu alifundisha hesabu miaka kumi na mmoja katika sekondari hiyohiyo. Wanafunzi walimwita Bi Kaa-Kidogo, maana kila aliyeingia ofisini kwake akidai hana shida yoyote aliambiwa, "Sawa, kaa kidogo." Ofisi yenyewe zamani ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Ilinuka mipira ya zamani, na kwenye kioo cha dirisha alibandika kadibodi ili wapita njia wasichungulie. Walimu wenzake walimtania kwamba analipwa kusikiliza umbea.

Mwaka mmoja aliletewa binti wa kidato cha pili, mtoto wa fundi wa kuchomelea mageti. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Darasani aliacha kujibu maswali, mwalimu wake akaandika kwenye ripoti kwamba ana jeuri. Wiki tano alikuja, akakaa, akatazama viatu vyake mpaka kengele ikagongwa. Wiki ya sita akasema, "Nyumbani silii, madam. Baba akiniona nalia anaacha kula."

Kisha akalia kipindi kizima, na Bi Kaa-Kidogo hakumkatiza.

Tangu hapo binti akaanza kuchangamka kidogo kidogo. Lakini wenzake wakakipa chumba kile jina, wodi ya vichaa, na maneno yakamfikia baba. Fundi alikuja na ovaroli yake ya kazini, akasema kwa upole tu kwamba mwanawe hana wazimu na kwamba anamhamisha shule. Bi Kaa-Kidogo alimsihi wee, wapi. Baadaye alipiga simu shule mpya mara mbili. Akajibiwa kwamba mshauri hawana, ila mtoto mwenyewe ni mtulivu, hasumbui mtu.

Miezi minne ikapita, mkuu wa shule akamwita pembeni na kumwambia kwamba binti yule amejiua.

Siku hiyo Bi Kaa-Kidogo alijifungia ofisini, akaandika barua ya kuacha kazi. Hakuipeleka, wala hakuichana.

Wiki mbili baada ya mazishi, fundi akabisha hodi. Alikuwa amekonda, shati limempwaya.

"Mwalimu, mwanangu alikuwa anakwambia nini?"

Siri ya mwanafunzi ni siri, alilijua hilo. Alisita, kisha akamweleza habari ya kulia na ya chakula. Fundi akainama.

"Mimi nilidhani amezoea," alisema. "Nilikuwa najisifia kwa watu, mwanangu jasiri."

Bi Kaa-Kidogo akamshika mkono, ule mkono wenye makovu ya moto, na wote wawili wakalia.

Alipoinuka kuondoka, fundi alisimama mlangoni.

"Nina mwingine, mdogo wake. Siku hizi haongei sana. Nikuletee lini?"

"Mlete kesho asubuhi."

Akamleta mwenyewe, akaacha kazi ya watu karakana. Mtoto aliingia akakaa ukingoni mwa kiti, begi bado likiwa mgongoni, na baba yake akasubiri nje mpaka mwisho.