Jina la Mama Mkwe Kwenye Seva Mpya

Chumba cha kompyuta cha mradi wetu pale mjini Wote kilikuwa zamani stoo ya mbegu. Hata baada ya kupakwa rangi kilinukia mbaazi kavu. Nilizoea kukaa humo mchana, mapazia yamefungwa, feni ya seva ikivuma polepole, mpaka nisijue kama niko macho au nimelala. Siku nyingi za maisha yangu nimezisahau. Lile juma moja la miaka ya tisini bado hunijia nikisinzia kitini, na huja bila haraka.

Mradi ulisaidia vikundi vya mwethya, akina mama wanaofanya kazi kwa kusaidiana, kujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito mikavu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Kitui, nikapelekwa kozi fupi Nairobi, nikarudi nikiitwa fundi. Seva yetu ya zamani ilikuwa na orodha yake ya majina. Jina lako ndilo lililokufungulia, na majalada yako yalikaa chini ya jina hilo. Sasa ilikuwa imeletwa mpya. Humo, majina ya ofisi zote, Wote na Mutomo, yangekaa kwenye mti mmoja, kila ofisi tawi lake. Wazo hilo nililipenda kupita kiasi. Nililala nikiona matawi.

Kuhamisha majina hakukuwa kazi. Ila maneno ya siri hayakuhamika. Jumatatu niliifunga seva ya zamani ili kitu kisibadilike katikati ya safari. Kuanzia hapo, ili kufungua tena majalada yake, kila mfanyakazi alipaswa kuketi kando yangu, bega kwa bega, achague neno jipya, kisha nimhamishie majalada yake huku akiangalia kama yamefika.

Na karani wa kumbukumbu alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu kuna nthoni, ile haya iliyopo kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hukai karibu naye, humtazami usoni, jina lake halipiti kinywani mwako. Tulifanya kazi jengo moja miaka minne namna hiyo, tukipitisha maneno kwa mama wa mapokezi.

Mama mkwe alikuwa akiandika upya makubaliano ya mabwawa. Karatasi za mwanzo, zenye alama za vidole gumba, zilikuwa zimeliwa na mchwa. Akawatembelea wazee mmoja mmoja na kuchapa maneno yao: nani ametoa njia shambani kwake ili wote wachote maji. Kilichobaki ni kuyatoa kwenye printa, wazee waweke vidole tena. Mmoja wao, mzee wa upande wa Mutomo, alikuwa mgonjwa sana.

Jumatano mama mkwe alikuja, akasimama mlangoni akitazama ukuta.

“Mwambie mkwe wangu nimekuja,” alimwambia mama wa mapokezi.

“Si huyu hapa? Anakusikia.”

“Wewe mwambie.”

“Fundi, mama amekuja.”

Nikajibu huku nikishika waya ambao haukuhitaji kushikwa. “Mwambie sijafika kwa jina lake.”

“Jina gani hilo? Litaje tulisikie.” Akacheka peke yake.

“Mwambie mzee amekataa hata uji,” mama mkwe alisema. “Nikipata karatasi leo, kesho niko kwake.”

“Mwambie kesho asubuhi.”

Mkurugenzi, mtu wa Nyeri, alikuwa akipita na kikombe chake. “Nyinyi Wakamba, hata kompyuta mnaionea haya?” Nikacheka pamoja naye. Alhamisi mama mkwe alikuja tena, na mimi nikapitia dirisha la nyuma nikaenda kunywa chai.

Kwa miaka mingi nilisema ni nthoni. Haikuwa hiyo. Mama wa mapokezi angeweza kuketi katikati yetu na mambo yangeisha kwa nusu saa. Ukweli ni kwamba Jumanne majalada ya mhasibu yalinipotea njiani, nikayapata kwa bahati tu, bila kujua nilifanya nini. Mama mkwe alikuwa mtu wa kusoma kila kitu. Niliogopa angeona kwamba fundi anayesifiwa na kanisa letu zima haijui kazi yake. Nthoni ilinifaa kama pazia, nikajificha nyuma yake.

Ijumaa gari la Mutomo lilikuwa likinguruma nje. Seva ya zamani ilitakiwa kwenda kuwa ya ofisi ya huko, ikiwa tupu. Nikaipitia karatasi yangu: kila jina lilikuwa na alama ya vyema. La mama mkwe sikuwa nimeliandika. Mkono wangu ulikataa kuliandika, nikaacha nafasi wazi kati ya majina mawili, na jicho langu likaivuka. Nikafuta seva. Kanda ya akiba, iliyokuwa na nakala ya majalada yote, nilikuwa nimerekodi orodha mpya juu yake, kwa kuwa kanda tupu zilikwisha.

Jumatatu iliyofuata mama mkwe aliingia peke yake, bila mama wa mapokezi. Akavuta kiti, akaketi kando yangu.

“Fungua,” aliniambia. “Nataka kuona kwa macho yangu.”

Nililiandika jina lake herufi kwa herufi, mbele yake. Chini yake hapakuwa na kitu. Tulitazama skrini moja, bega kwa bega.

“Yule mzee alizikwa Jumamosi,” alisema. Akachagua neno lake la siri, akaandika, akaondoka.

Makubaliano mengine aliyaandika tena kwa miezi mingi, kwa miguu yake. Lile la mzee halikuwa tena na mtu wa kulisema. Wanawe wakaiziba kwa miiba njia ya kwenda bwawani.

Miaka miwili baadaye nilikwenda kwa mwana mkubwa wa yule mzee, nikamweleza yote, na kosa langu nikalitaja. Alisikiliza vizuri, akaagiza niletewe uji.

“Nakuamini, fundi,” alisema. “Lakini baba hakuniambia. Karatasi iko wapi?”

Sikuwa na karatasi. Nilipotoka, akina mama walikuwa wakizunguka nyuma ya kilima na punda wao kwenda kuchota maji, safari ya saa moja badala ya hatua chache. Walinisalimu kwa upole, kama mgeni, kisha vumbi likawachukua.