Tairi Nyembamba za Bahizire

Tangu afike Marekani, Bahizire hajawahi kukaa mji mmoja zaidi ya mwaka na nusu. Louisville alipakia maboksi ghalani miezi kumi na saba. Columbus, kumi na mmoja. Akishaizoea njia ya kwenda kazini tu, miguu inaanza kumwasha. Sasa yuko Buffalo, mtaa wa Riverside, na tayari binamu yake Bagula amempigia simu kutoka Iowa: kiwanda cha nyama kinaajiri. Mkewe Charlotte, anayehudumia wazee, alisikia, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Chimène, muji ya ine? Miye hapana. Utaenda weye peke yako."

Gari lao lina rimu za inchi kumi na nane, pana, zinazong'aa. Waumini wenzao wa mtaa wa Iroquois, kule Louisville, walichanga wakalivalisha siku ya kumuaga Bahizire, na mchungaji akaziombea moja moja.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Bahizire alifanya alichofanya miaka tisa akiendesha Fuso kwenye matope ya Bunyakiri, kwao Kongo: alipunguza upepo wa tairi. Kwenye kona ya kwanza gari liliteleza taratibu, likapanda ukingo, likasimama mbele ya sanduku la barua la jirani. Charlotte, aliyekuwa akiwahi kazini, alishuka akaenda kwa miguu. Hakugeuka.

Jirani huyo, Gitonga, Mkenya aliyekuja kusoma uhandisi akabaki, alitoka na koleo.

"Mzee, umetoa upepo?" Akacheka. "Hii si matope! Tairi pana inaelea juu. Unataka nyembamba, ikate theluji ishike lami. Rimu ya kumi na sita, tairi ya upana wa milimita mia mbili na tano, ubavu mrefu, ndiyo kimo cha gurudumu kibaki kilekile. Na breki zako zinaenea ndani, nimecheki."

"Kumi na sita? Bon, si ni za taksi hizo! Batu ba Louisville wakiona picha, watasema nimefilisika. Na zawadi ya kanisa, naitupa?"

"Unaiweka chini ya nyumba mpaka Aprili. Kwao theluji inaanguka asubuhi, saa sita imeenda. Wataongea nini?"

Jumamosi walikwenda wote watatu kwa fundi. Charlotte alikaa kwenye kiti cha wateja, koti limefungwa hadi kidevuni. Fundi aliviringisha rimu nyeusi za chuma, hazina urembo wowote.

"Hizi zinadumu myaka ngapi?" Charlotte aliuliza.

"Ukizitoa kila Aprili," Gitonga akasema, "baridi nne. Hata tano."

Baridi nne. Bahizire alitazama nje, lori refu likipita kuelekea barabara kuu. Simu ilitetemeka mfukoni. Alijua ni Bagula. Aliiacha itetemeke mpaka ikachoka.

"Donc," alimwambia fundi, "funga zote."

Charlotte alifungua vifungo vya koti, akalivua, akalilaza magotini.