Magadi Niliyomwaga Kwenye Tangi la Mzee Kiogora

Nakumbuka asubuhi moja nimesimama mbele ya tangi la kioo sebuleni kwa Mama Kagendo, hapa mtaa wa Wabera mjini Isiolo, na nyama ya matumbawe inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Chini yake mfupa mweupe. Mama alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai. Mwanangu, mkono uliofanya hivyo ni huu wangu. Lakini sikuwa peke yangu, na leo nitataja jina la mwenzangu.

Mimi ni mtu wa Biliqo, huko kwa wafugaji. Shule niliacha darasa la pili nikafuata mbuzi. Mifugo ilipokwisha nilikuja mjini, na Mzee Kiogora, mume wa Mama, Mmeru aliyefanya kazi ya serikali miaka mingi huko Pwani, akaniandika nimtunzie boma. Alipostaafu alikuja na tangi lake, na vipande vya matumbawe magumu kutoka kwa mtu anayewakuza kwa ruhusa. Kila kipande kilikuwa kama ukucha. Mpaka Mzee anakufa walikuwa wamefika ukubwa wa ngumi mbili.

Alinifundisha kama mtu anavyofundisha mchungaji mpya. "Guyo, hawa ni wanyama. Wanajenga nyumba yao kwa vitu vilivyo ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukiwabadilishia maji ghafla umewaua."

Nilishika. Jua la Isiolo linakunywa maji ya tangi kila siku, na chumvi inabaki. Kwa hivyo kila asubuhi nilijaza maji matamu, si ya chumvi, mpaka kwenye utepe mwekundu aliobandika. Tena maji ya kuchujwa. Ya bomba hapana. Wewe angalia birika la kwenu lilivyoota ukoko ndani. Joto likipanda, nafungulia feni ipulize juu ya maji. Taa ziwake na kuzima saa ile ile. Stima ikipotea, pampu ihamie kwenye betri kabla sijafanya jambo lingine lolote.

Kitu kimoja sikugusa, ni kupima vile vitu wanavyojengea nyumba vimebaki kiasi gani majini. Hiyo ilikuwa kazi ya Mzee kila Jumamosi, na daftari lake. Mimi niliona daftari nikajua hayo ni ya wasomi.

Alipolala kitandani mara ya mwisho alinishika mkono. "Uwaangalie, Guyo. Mama akitaka kuniona, ataangalia hapo." Nikasema nitawaangalia, inshallah.

Baada ya mazishi, Mama akamwita Mutwiri, fundi wa matangi ya samaki, achukue upimaji. Kila Jumamosi alikuja na viatu vyake visafi, akaandika kwenye daftari, akanywa chai, akaenda. Mwezi wa tatu tangu aanze nikaona rangi ya matumbawe imefifia, na ncha hazikui tena. Nikamwambia.

"Buda, hii si ngamia," akacheka. "Soma daftari. Nane, nane, nane. Maji yako sawa."

Nane naijua kusoma. Nikanyamaza. Lakini jicho la mchungaji halinyamazi. Kwetu mnyama akififia rangi na kukosa nguvu, tunajua amekosa chumvi ya ardhini, tunamlambisha magadi. Nikasema moyoni, hawa nao wamekosa magadi. Nilikuwa na mfuko mdogo kutoka nyumbani. Ijumaa, nikitoka msikitini, nikakoroga kikombe kizima nikamwaga.

Kesho yake ndiyo asubuhi niliyokuambia.

Mama aliweka chai chini. Hakunitukana. Ni nesi mstaafu, amezoea kuangalia mgonjwa kabla ya kuuliza. Akaniuliza, "Guyo, mbuzi wako waliuawa na ukame?"

"Hapana, Mama. Wengi waliuvuka ukame. Mvua ilikuja siku moja, nyasi ikaota, wakala na njaa yao yote. Wakafura matumbo."

"Basi ulijua," akasema.

Mwanangu, maneno hayo mawili yamenikaa kuliko kiboko chochote. Nilijua. Mwenye njaa ukimshibisha ghafla unamuua; nililiona kwa macho yangu nikiwa kijana, nikalia, halafu nikalifanya mwenyewe kwa mkono wangu.

Ndipo Mama akaleta kisanduku cha kupimia, kile kipya alichomnunulia Mutwiri alipoanza kazi. Unachota maji kidogo kwenye kichupa, unadondosha dawa ukihesabu, mpaka rangi ya buluu igeuke njano. Hesabu ya matone ndiyo nambari. Ni hivyo tu. Hata mtoto wa chekechea anafika nane. Lakini alipotaka kuifungua chupa ya dawa, kizibo kilikuwa bado na utepe wake wa dukani. Haijawahi kufunguliwa. Jumamosi zote zile, nane zote zile, na chupa ina utepe.

Alipoitwa, Mutwiri alisema neno moja, "Kwani mimi ndiye niliyemwaga magadi?" Akaondoka, akaeneza mjini kwamba mzee wa ngamia ameua bahari ya Mama.

Kipande kimoja kilipona, nyuma ya jiwe, kama ukucha. Tukabadilisha maji kidogo kidogo, siku nyingi. Sasa napima mimi. Kimefika ukubwa wa kidole gumba, na Mama hukaa mbele yake akimaliza chai.

Kwa hivyo wewe unayetaka kufuga viumbe hawa, usitafute maji mazuri sana. Tafuta maji ya leo yafanane na ya jana. Pima mwenyewe. Kikipungua kitu, kirudishe kwa matone, siku nyingi, hata ukiona huruma. Na usiache daftari likushinde jicho, wala jicho likimbie bila kipimo, kama langu. Mungu akupe mkono mtulivu, na nyumba isiyokatika stima.

Mimi langu nimelisema mbele ya watu. Mutwiri, wewe bado unaingia nyumba za watu na daftari lako. Njoo Wabera Jumamosi, Mama yupo, chupa ile na utepe wake tumeweka. Uketi hapo mbele ya kipande kilichobaki, umwambie Mama: zile nane ulizitoa wapi?